Wino wa Kumdanganya Mama

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili ya kura, maana nimekwama na sina wa kumwambia. Mimi ni karani kijana, nagonga mihuri ofisini, na nyumbani tuko na kaka zangu wawili na mama, ambaye tangu miguu ikatae hatoki chumbani, kadi yake ya kura anailalia chini ya mto, na kila uchaguzi hutuita mmoja mmoja atukague vidole, akiona alama ya wino wa kura anatushika mkono kwa muda mrefu. Safari hii kaka zangu hawaendi, wanasema wakubwa wa siasa wameshapangana, na kaka mkubwa ameniambia, "Msomi, hotuba baki nazo, tuletee wino wa muhuri tujipake, bi mkubwa aone rangi yake alale." Wino uko kwenye droo yangu ofisini na nikiutazama tu naifunga droo upesi, maana uchaguzi uliopita kituoni nilikuta walinzi wengi kuliko wapiga kura, diwani akapita kwa kura za jamaa zake, na zahanati ya mtaa, alikotibiwa mama, ikafungwa bila mtu kuulizwa, tena nakumbuka nikiwa mdogo, nimeshika gauni lake kwenye foleni iliyozunguka shule nzima, watu wanataniana, na foleni ile naitamani kama ndugu aliyesafiri. Nikikataa, kaka zangu watanitenga. Nikikubali, nitamtazamaje mama?

Karani Mwoga

*Mshauri anajibu:*

Marahaba, mwanangu. Pole, lakini umenichosha kidogo. Unaogopa kununiwa na kaka zako, huogopi kumpaka mama yako uongo? Wino uache hukohuko ofisini.

Kaka zako wamechoshwa na ahadi, na hapo hawakosei. Wanakosea wakidhani kulala ni kumkomoa diwani. Yule anawaombea usingizi mnono.

Sasa wewe msomi, umeandika mwenyewe kwamba kadi iko chini ya mto, halafu ukapita. Mtu halalii kitu asichokitaka. Miaka yote mnampelekea vidole vyenu, nani amewahi kumuuliza kuhusu chake? Muulize leo, kaka zako wakiwepo. Akisema ndiyo, tafuta kiti imara, wao wakamate huku na huku. Wakishafika kituoni wamembeba mama yao, tuone nani atarudi na kidole kitupu.

Msimamizi wa kituo atataka kumpitisha mbele. Usimjibie mama. Nadhani ataomba awekwe mwisho wa foleni, hata ikiwa fupi, akae humo kidogo.