Ubao Uliokaa Mweupe

Chumba cha tatu, nyuma ya duka la viatu,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

U hali gani huko? Mgongo je, bado unakusumbua ukitoka zamu hospitalini? Sisi huku wazima, ila pengo lako halijazibika. Juzi nilimimina chai vikombe viwili, ndipo nikakumbuka niko peke yangu.

Unajua niliacha kazi ya kiwandani nijitegemee. Nilipopata chumba hiki, nilimwita mwandika mabango aniandikie ubao wa mlangoni. Akachovya brashi, akauliza, "Niandike fundi wa nini?"

Dada, unanijua. Nashona, naunga viti, nasuka kamba, napaka rangi. Nikamtajia vyote. Akacheka. "Huu ni ubao, dada'angu, si gazeti!" Akaenda zake, ubao ukabaki mweupe.

Nikamkumbuka marehemu Baba na ile "mshika mbili moja humponyoka" yake. Seremala jirani naye akanisihi nichague moja. Haya, nikachagua mapazia. Mwezi mzima nikawa nawarudisha watu na viti vyao na mabegi yao. Mikono ilishona, moyo haukuwepo. Siku hizo ndizo nilizokukumbuka hasa. Wewe usingeniambia nichague. Ungeniuliza kwanza kama nimekula.

Kisha akaja mwalimu mmoja mstaafu, mama wa mtaa wa pili, amebeba kiti chenye miguu mitatu, hakina pa kukalia. Mumewe alifariki akiwa anakitengeneza. Seremala alimwambia yeye huunda vipya tu. Msusi wa viti akataka mguu uwekwe kwanza.

"Kila mmoja ananisukumia kwa mwenzake," akasema. "Na wewe unanipeleka kwa nani?"

Nilishindwa kumrudisha. Nikachonga mguu, nikasuka kamba, nikashona na mto. Siku nne.

Alipokifuata alikikalia, akakipapasa. Halafu akasema, "Aliniahidi Jumamosi kingekuwa tayari." Nikageukia dirishani ili alie kwa nafasi.

Tangu hapo naletewa vilivyoishia njiani: gauni lenye mkono mmoja, kabati lisilo na milango. Wenyewe wanasema wameelekezwa kwa "mmaliziaji". Basi nikamwita tena yule wa mabango. Neno moja tu, likaenea vizuri.

Mama anakusalimu sana. Siku hizi anajifanya ana shida dukani, kumbe anapita kuusoma ubao. Mwanangu anauliza sauti ya mama mkubwa ikoje, maana picha haisemi. Seremala naye anakusalimu, ameacha kunishauri.

Rangi ilipokauka nilivuka barabara niutazame kama mpita njia. Nikajikuta nimeacha nafasi kushoto kwangu, upande ulikozoea kusimama wewe. Watu walipita hapo, wakapita, nami sikusogea.

Mungu akulinde kila zamu, akurejeshe ungali na kicheko chako chote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye mno.