Mgeni Aliyebaki Shambani

Mdogo wangu Vatsala,

Mbuzi wako amezaa mapacha. Baada ya kukupigia simu, tuliupeleka mwili wa Mama tukauchome kwa desturi yetu, kando ya alipochomwa Baba, kwenye shamba alilolima tangu aolewe. Shirika la viwanda la jimbo lilitunyang'anya ili lijenge kiwanda, na mpaka leo kiwanda hakuna. Ni nyasi, uzio na lango.

Mlinzi ni Bhiva, mtoto wa jirani.

"Kaka, kila anayeingia avae kitambulisho cha mgeni."

"Hata maiti?"

"Kamera zinaniona. Nitafukuzwa kazi."

Basi nikamvika Mama.

Tulipotoka, Bhiva alihesabu vitambulisho tulivyorudisha. "Kaka, mgeni mmoja bado yumo ndani."

"Huyo hatoki," nikamwambia.

Jikaze, mdogo wangu.

Kaka yako,
Dagdu