Maharagwe ya Kukhu Yameishia Mau Narok

Mama,

Hujambo wewe na kuku wako? Huku Mau Narok baridi inauma masikio na ukungu hautoki shambani mpaka saa nne. Viazi vyao ni vitamu, lakini leo sikumaliza hata kimoja.

Yale maharagwe meusi nyanya yangu Kukhu alikuachia, yale nilipeleka kwa benki ya mbegu pale kazini, yalikuwa yameanza kuzeeka kwa friji. Tukayaleta yote hapa tuyapande, tupate mbegu mpya. Nusu hayakuota. Mama Njeri, anayetupalilia, akaona mapengo akayajazia na maharagwe ya nyumbani kwake, vile wewe mwenyewe ulinifundisha. Kumbe yake yalikuwa na ugonjwa unaokaa ndani ya mbegu, na wadudu wakausambaza shamba lote.

"Sasa ningewaachia shamba na mapengo hivyo, na mmetoka mbali?" akaniuliza. Ningemkasirikia vipi? Mimi ndiye sikumwambia asiguse. Tumeng'oa kila mmea, hata uliokuwa na maua, tukachoma. Kiberiti alileta yeye, akilia.

Mama, Krismasi ulitaka kuficha kikombe kimoja cha yale maharagwe kwa mkebe. Nikakucheka. Nikakuambia pika yote, mengine yako salama kwa benki. Ukapika yote, ukanipakulia mimi kwanza.

Mungu akutunze mpaka nifike. Nitakuja kukuambia tena kwa mdomo.

Binti yako,
Nafula