Nabintu Alionja

Jumatatu, 4 Agosti 2014. Kambi ya wakimbizi, Dzaleka
Uji, vidonge, kisha mazoezi ya mchezo wangu wa kuigiza kanisani. Binti yangu alinishika mkono njia nzima. Shemasi Aristide, anayewaongoza waigizaji, amefuta maneno yote ya wanawake wa jikoni. Wanaume amewaacha kama nilivyowaandika: chifu, katekista, shemeji. Wanapayuka, wanapiga meza, wanamhukumu mjane kwamba alimtilia mumewe sumu. Hawaoni kitu. Wanawake waliona yote, na sasa wanasonga ugali tu, kimya.
Ananiambia: "Mama Mwalimu, bale bamama banasema sana, bantu batalala."
Nikamjibu kwamba akihubiri yeye tunalala pia. Vijana walicheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 6 Agosti. Lilongwe
Hospitali. Moyo umechoka. Daktari hakuzungusha maneno. Binti akapitia soko la Tsoka kununua vitambaa vya mchezo. Nilimsubiri kivulini, nimewakasirikia hata wauza nyanya. Nitakufa, shemasi atabaki na mkasi wake.

Alhamisi, 7 Agosti
Basi niandike. Sikubuni kisa kile. Kijijini kwetu, karibu na Bukavu, anayewapa watu pombe ya ndizi huionja kwanza mbele yao. Siku ile Nabintu, ndiye mjane wa kisa, alililiwa na mtoto mgongoni, akaonjea jikoni, kisha akampelekea mumewe. Usiku mumewe akafa. Wazee, wanaume watupu, wakasema: hakuonja, ni sumu. Wakamfukuza.
Mimi nilikuwa jikoni. Nilimwona akimeza, kibuyu kilekile. Marehemu alikuwa kaka yangu. Aliyelichukua shamba lake ni kaka yangu mwingine. Nilikuwa mwalimu, wangenisikiliza. Nilinyamaza ili shamba libaki kwetu.
Mwoga. Mwizi. Katika kuwanyamazisha wanawake, shemasi ni mwanafunzi wangu tu.

Jumamosi, 9 Agosti
Mchezo. Watu hadi madirishani. Chifu wa jukwaani akanguruma: nani alimwona akionja? Wanawake kimya, kama walivyoamriwa.
Nikasimama. Hasira ilinisimamisha, miguu hii haiwezi.
"Mi njo nilimuona!"
Shemasi akanipungia mkono nikae. Neema, anayeigiza mjane na aniitaye tantine kama shangazi yake, akamgeukia: "Shemasi, acha tantine aseme!"
Nikasema yote. Jina la Nabintu, shamba, kaka yangu, mimi. Hakuna aliyelala.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda ibadani. Kifua kizito. Alasiri shemasi akaja, akavua viatu, akakaa mkekani. Hakuhubiri. Akauliza yule mama alikwenda wapi.
Sijui. Walipomfukuza nilimwona akipanda kilima mvuani na mtoto wake. Hakugeuka, nami sikumwita.
Nje watu walikuwa wakichota maji.