Kibofu cha Shemeji Hakiwezi Kungoja

Kitengela, Jumapili, Agosti 2009

Baridi ya leo ni ile ya kukaa na sweta hata saa sita mchana. Vumbi limelala. Mimi pia nimetulia, ingawa nilifanya kosa.

Ni mwaka wa pili sasa bila mume wangu, Baba Atieno, na sijawahi kuandika hapa kilichomuua. Ni kichocho, minyoo aliyoipata utotoni akioga kwenye mifereji ya mpunga kule Kano. Kibofu chake kilijaa makovu, mkojo ukakosa njia, figo zikaharibika. Kwao, mvulana akikojoa damu, watu walisema anakuwa mwanaume. Walicheka tu.

Kanisani alikaa karibu na mlango ili awahi chooni. Waumini walidhani ni unyenyekevu.

Mwezi uliopita mdogo wake, Ouma, anayefanya kazi shamba la maua Isinya, aliniambia naye anaona damu kwenye mkojo. Nikakimbilia saiba kusoma kwenye intaneti. Nikapata habari za seli shina, seli changa zinazotolewa kwenye uboho na kupelekwa mahali palipoumia. Waliandika kwamba makovu ya kibofu yanapungua, na kibofu kinaanza kutanuka tena. Nilifurahi sana. Nikachapisha zile kurasa, nikampa.

Akazikunja akaweka mfukoni. Kliniki hakuenda.

Jana alipita kunisalimia. Nikammiminia chai, akanywa nusu kikombe akakisukuma kando. Marehemu pia alikuwa hivyo, akiogopa kuinuka kila mara mbele ya watu.

"Umepimwa, Shem?"

"Si ni wewe ulinipea karatasi, Mama Atieno? Nangoja hiyo dawa ya seli. Ikifika nitaenda mara moja."

"Imefika kwa panya. Wewe ni panya?"

Alicheka. Nikamwomba zile karatasi, nikaweka kidole kwenye mstari ambao mimi mwenyewe niliuruka kwa furaha. Waliojaribiwa ni panya, si watu.

Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Daktari wa Kajiado alitueleza mimi na marehemu kwamba vidonge vinaua minyoo, lakini kovu lililokwisha kujengeka hubaki. Tulikuwa tumechelewa. Kila mwezi wa kungoja ulikuwa umeongeza kovu.

Ouma alizikunja tena zile karatasi, akauliza:

"Kwani yeye alianza hivi?"

"Hivi hivi, Shem. Damu kidogo tu, na kusema niko sawa."

"Jumatatu niko off," akasema. "Lakini tuende na wewe. Mimi siwezi kumwambia nesi hiyo maneno."

Nitayasema mimi. Nimeshayasema mara nyingi, hayanitishi tena.

Sijaacha kuziamini zile seli. Panya leo, mtu siku moja. Ninachotaka ni siku hiyo imkute Ouma akiwa na kibofu ambacho bado kinafaa kutibiwa.

Kesho saa moja asubuhi nitakuwa stendi ya Kajiado nikimngoja twende kliniki. Asipotokea, nitamfuata Isinya, hata kama ni katikati ya maua.