Asali Iliyosikia Baridi

Baba, shikamoo.

Wiki nzima nimeizunguka barua hii. Acha nianze tu na ile asali.

Unakumbuka Julai ile gulioni Issuna, upepo unakata masikio, tukafungua ndoo tukakuta asali imeganda, nyeupe kama samli. Mama mmoja akaonja, akauliza kama imechanganywa. Ukamjibu, "Imesikia baridi tu." Na mimi, msomi wako wa kidato cha nne, nikaona unaniaibisha. Nikasema mbele za watu, "Baba, si useme tu umeweka sukari." Halafu nikacheka. Waliokwisha kununua wakarudisha chupa zao. Ulifunika ndoo taratibu, ukaibeba. Njiani hukunigombeza. Bora ungenigombeza.

Hukuuza tena asali mpaka ulipofariki.

Mwaka huu mizinga yako nimeishika mimi. Nimeumwa na nyuki hadi jicho likafumba, ungecheka sana. Nimerina, nimechuja, nimefunga ndoo mbili kwa mikono yangu, hakuna mwingine aliyezigusa. Juzi baridi ilipoingia nikafungua. Zote zimeganda vilevile kama yako.

Na sukari sikutia hata chembe, Baba.

Kisha nikapasha maji moto, yale ambayo mkono unayavumilia, nikaiweka ndoo moja ndani ya beseni. Nikabadilisha maji kila yalipopoa. Kufika mchana asali ilikuwa inatiririka kwenye mwiko, ya dhahabu, ileile. Ilitaka joto tu. Na darasani nilichora barafu na mshumaa, nikaandika kwamba yabisi ikipata joto huyeyuka na ikipoa huganda, nikapata vema zote. Samli ya mama ilifanya hivyo kila siku jikoni mbele ya macho yangu. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Naona haya hata kuandika. Nilikuita mwongo hadharani, na muda wa kukuomba msamaha nilikuwa nao, nikiwa nakuletea chai kila asubuhi. Nisamehe, Baba.

Gulio ni Jumamosi. Ndoo ya pili sitaipasha moto. Nitaipeleka ilivyoganda, nisimame palepale tuliposimama, na yeyote atakayeuliza nitamwambia baba yangu hakuwahi kutia sukari, mimi ndiye niliyemsingizia. Nitasema kwa sauti ileile niliyosemea siku ile. Nakuahidi.

Pumzika, Baba. Safari hii wakicheka, watanicheka mimi.

Binti yako,
Neema