Vitu vya Watu

Buyenzi, Bujumbura
Jumatano, mwezi wa Shaabani

Kwako kaka yangu Shakuru,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima, namshukuru Mungu, na natumaini karatasi hii itawakuta wewe, wifi na watoto mkiwa salama huko Kigoma. Kile kikohozi chako cha vumbi kimepungua? Na yule mdogo ameshaota meno ya mbele? Picha aliyotuma wifi, akicheka kwa ufizi mtupu, Mama amewaonyesha wauguzi wote wa wodi yake mpaka mmoja akamuuliza kama hana mjukuu mwingine.

Najua utashangaa kuona karatasi, maana umezoea sauti yangu kwenye simu. Sababu utaikuta mbele. Nakuomba kitu kimoja tu: usinipigie kabla hujafika mwisho, hata ukitaka kuichana katikati.

Nianze na Mama. Tulikwambia ameteleza kidogo, lakini haikuwa kidogo. Alivunjika mfupa wa nyonga. Alikuwa anatoka kutawadha alfajiri, akapita kwenye korido ya nyuma, mguu ukanasa kwenye waya wa redio ya mtu. Nilimkuta amelala kati ya televisheni mbili, ameshika kanga yake kifuani, ananiambia nisipige kelele, majirani wanasali.

Nyumba yetu unaijua ulivyoiacha miaka ishirini na miwili iliyopita. Tangu hapo vitu vilizidi. Watu walimletea Baba redio zao atengeneze, wengine wakahama kwa sababu ya vita, wengine wakafa, wengine wakasahau. Baba akaendelea kuzipanga, kila moja na kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe kwa ule mwandiko wake wa kulala. Hakuuza hata moja. Alipofariki, Mama naye hakugusa kitu. Sebule ilijaa, chumba chako kikajaa, korido ikabaki upenyo wa kupita kiubavu.

Daktari alituambia Mama atarudi na kile chuma cha kutembelea chenye miguu minne. Nilirudi nyumbani na utepe wa fundi cherehani nikapima. Chuma hakipiti kwenye korido, wala mlango wa msalani hauwezi kufunguka wote. Nikaamua siku hiyohiyo kwamba nyumba itasafishwa, na itakuwa tayari kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Mama alipinga akiwa kitandani hospitali. Aliniambia, "Apana, Khadidja. Ile vitu haiko yetu. Baba yako aliniachia mi, na mi nitamwachia nani?" Nikamjibu kwamba kama si vyetu basi virudi kwa wenyewe, na nitavirudisha mimi kwa miguu yangu.  Kisha akatoa ufunguo wa chumba chako chini ya mto, kumbe alikwenda nao hospitali.

Niliomba ruhusa ya wiki mbili kwenye duka la dawa ninapofanya kazi. Hamimu, yule fundi magari wa barabara ya pili uliyesoma naye madrasa, alinisaidia kubeba vizito. Tulitoa kila kitu nje uani, tukapangusa, tukasoma majina. Redio arobaini na moja, televisheni sita, feni, pasi, na gramafoni moja iliyojaa mayai ya mijusi. Majina niliyaandika kwenye karatasi mbili. Moja nilimpa imamu asome baada ya swala ya Ijumaa. Nyingine nilimpa Nella, mwenzangu wa kazini, akaipeleka parokiani kwao, maana nusu ya wateja wa Baba walikuwa Wakristo.

Kaka, sikutegemea watu wangekuja vile. Walikuja na baiskeli, na mikokoteni, na watoto waliozaliwa baada ya redio zenyewe kuharibika. Mama mmoja alikuja kuangalia tu kama jina la marehemu mumewe limeandikwa kweli. Alilibandua akaondoka nalo, redio akatuachia. Wasioweza kuja niliwafuata mwenyewe. Nilikwenda mpaka Ruziba kwa mjane anaitwa Mathilde, nikamkuta shambani, matope mpaka magotini. Nilipomwonyesha redio ya mumewe alicheka sana, akasema walishaisahau kabisa, kisha tulipoingia kwake akaiweka kwenye kiti cha wageni, mimi nikakaa kwenye mkeka. Nilirudi na mafungu manne ya mboga za lengalenga na mgongo unaouma.

Visivyo na wenyewe tuliwauliza wazee wa msikiti, wakakubali viende kwenye chuo cha ufundi, vijana wafungue na kujifunza. Kuta tulizisugua kwa sabuni na jiwe. Hamimu alikata mlango wa msalani na kuutundika upya, sasa unafungukia nje. Chumba chako nilikipaka chokaa. Nilikuwa nachoka mpaka nasahau kula, lakini kila asubuhi nilifunga kitambaa kichwani nikaanza tena. Watu wa mtaa walinisifu. Walisema binti wa fundi Atumani ana moyo wa baba yake. Nilikuwa napenda kusikia hivyo, na hapohapo nilikuwa natamani wanyamaze.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa za adhuhuri, uani kukiwa na watu kama kumi, aliingia mzee mmoja mrefu, Mkristo, amevaa koti la kijivu, ana mfuko mkononi. Akauliza, "Bonjour, mwanangu. Ni hapa kwa Atumani, fundi wa redio?" Nilimwitikia. Akasema anaitwa Salvator, mwalimu mstaafu, anaishi Mutanga Sud, na amesikia tangazo kanisani.

Nadhani hapo umeshalikumbuka jina hilo, kaka. Mimi sikuwahi kulisahau. Nilishika ukingo wa pipa la maji.

Nilidhani amekuja kudai. Lakini alifungua mfuko akatoa redio nyeusi yenye mpini wa ngozi, redio ya Baba mwenyewe, ile aliyokuwa anaiweka kitandani kusikiliza habari. Alieleza, mbele ya wote, kwamba mwaka ule redio yake ilipopotea hapa, Baba alimfuata nyumbani, akampa hii yake badala, na kumwomba radhi kwa aibu kwa wizi wa mwanawe. Aliipokea kwa sababu Baba alikataa kabisa kuondoka nayo. Tangu hapo haijampa raha. "Nimesikia munarudisha vitu vya watu," akasema, "na mi nimeleta ya kwenu." Kisha akauliza kwa upole, "Na ule kijana aliyeiba, alirudi? Baba yake alimsamehe?"

Hamimu aliinamisha kichwa. Wengine wakanitazama. Na mimi, Shakuru, nilisema kile nilichopaswa kusema nikiwa na miaka kumi na minne.

Nilisema, "Hakuiba. Niliichukua mimi."

Sasa nikwambie wewe, maana wewe ndiye mwenye haki ya kusikia yote. Siku ile Baba alikuwa ametoka kwenda swala ya alasiri. Redio ya mwalimu Salvator ilikuwa imeshapona, imepanguswa, inang'aa juu ya meza. Niliichukua niwaringie wenzangu bombani. Niliitegesha juu ya ukuta wa mfereji, ikaanguka, ikapasuka vipande. Nilivifunga kwenye kitenge, nikaenda kuvitupa mtoni Ntahangwa. Nilidhani nitamwambia Baba usiku. Lakini Baba alirudi na mwenyewe, mwalimu, akimfuata nyuma kuchukua redio yake, na meza ikawa tupu. Wiki moja kabla ulikuwa umewaazima rafiki zako redio ya mteja wasikilize mpira, kwa hiyo Baba hakumtazama mtu mwingine. Ulisema, "Sikuichukua, Baba, wallahi sikuichukua." Alikupiga kofi mbele ya mteja na mbele ya mtaa, akakuita mwizi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la mchele mkononi. Nilikuwa nachambua mchele, kaka. Niliendelea kuchambua.

Siku ya Ijumaa ulipanda basi la Kigoma. Nilijiambia nitasema kesho, halafu nikajiambia nitasema utakaporudi Idi, nawe hukurudi. Ulinitumia vitenge vya harusi yangu, ukanipigia nilipojifungua, ukaniita mdogo wako uliyekuwa unambeba mabegani, na kila nilipokata simu nilikaa chini. Baba alipokuwa anaumwa mwisho wake, nilikuwa namwosha miguu, akataja jina lako. Akasema, "Shakuru angeniomba radhi tu, ningemwambia arudi." Tulikuwa wawili tu chumbani. Nilikuwa na nafasi. Nikakausha miguu yake nikamfunika. Amekufa akiamini wewe ni mwizi, na hilo sina pa kulirudisha.

Mzee Salvator hakunigombeza. Alisema kwamba redio yake ilikuwa ya bei rahisi na angeisamehe siku ileile. Aliacha ya Baba juu ya kiti akaondoka taratibu.

Jioni hiyohiyo nilikwenda hospitali nikamwambia Mama kabla hajaambiwa na mtu. Aligeuza uso ukutani. Niliona mabega yake tu. Kisha akaomba maji, akanywa, akasema bila kunitazama, "Mutoto wangu amekaa ugenini miaka yote hii kwa ajili ya mudomo yako." Nilimwambia nitakupigia palepale. Akasema, "Apana. Simu inafutika. Andika kwa mukono yako. Na mi siingii mule ndani mpaka Shakuru awe na barua mukononi."

Ameshatoka hospitali tangu Jumamosi, lakini hakuja hapa. Yuko Carama kwa Shangazi Zubeda, analala chumba kimoja na wajukuu wake watatu. Nilikwenda kumsihi, nikamwambia korido ni pana, mlango unafungukia nje, kila kitu nimekitengeneza kwa ajili yake. Alinijibu kwamba nyumba nimeisafisha vizuri sana, na kwamba anasubiri.

Ijumaa nilimfuata imamu tena. Nilimwomba atangaze kwamba Shakuru mwana wa Atumani hakuiba kitu katika nyumba hii. Alikubali, lakini akanishauri jina langu lisitajwe, kwa sababu Mungu anapenda sitara. Nilimwambia kaka yangu alipigwa mchana mbele ya watu, na mimi nitatajwa mchana mbele ya watu. Akalitaja. Tangu hapo wapo majirani wanaovuka barabara wakiniona, na Hamimu, aliyekuwa rafiki yako, bado hajaweza kunisalimia vizuri. Siwalaumu.

Barua hii nampa Tajudini, dereva wa basi la Kigoma. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe, si wifi wala mtoto, kisha ampigie Shangazi Zubeda amwambie Mama kwamba imefika. Sikuombi msamaha hapa ndani. Kukuomba kwa karatasi ni rahisi mno. Jumamosi ijayo, si hii, napanda basi hilohilo. Nitafikia kwa dada yake Tajudini, wala si kwako. Asubuhi yake nitakuja kusimama mlangoni kwako, na kama utaniruhusu, nitasema mbele ya watoto wako kwamba baba yao hakuwahi kuwa mwizi. Ukinifungia mlango, nitayasema hayohayo nje, halafu nitarudi kwetu.

Nisalimie wifi sana na umsomee barua hii kama unaona inafaa. Wabusu watoto, hasa yule wa ufizi. Shangazi anakusalimu. Mama hakutuma salamu. Amesema zake atakupa mwenyewe, uso kwa uso, popote utakapochagua.

Mungu akulinde na akupe moyo mpana kuliko wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Khadidja binti Atumani